Mdomo Uliopata Hamsini na Nane

Nimesahihisha mitihani kwa miaka thelathini na minane, na kama kuna kitu ninachokijua vizuri ni sura ya mtu anayedanganya kwenye karatasi. Ananyoosha mgongo. Anajibu upesi. Hakuangalii machoni, anaangalia kalamu yako. Sasa mimi huyo huyo nilikaa mbele ya dada yangu wa tumbo moja, kwenye meza yetu ya kulia, nikamwona amenyoosha mgongo, anajibu upesi, anaangalia kalamu yangu, na kila alichosema nikakiandika.

Mambo yalianzia zahanati. Daktari wa meno, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu, alikuwa anatafuta watu wanne wa kupita nyumba kwa nyumba kuwahoji wazee wa miaka sitini na kuendelea kuhusu vinywa vyao. Hakutaka tuhesabu meno, kuhesabu angeweza mwenyewe. Alitaka kujua meno hayo, au mapengo hayo, yanamwachaje mtu katika maisha yake. Anakula anachokipenda? Anacheka bila kujificha? Anakaa na wenzake, au anawakwepa? Dodoso lilikuwa na maswali kumi na mawili, na kila swali lilikuwa na majibu matano, kuanzia "kila siku" mpaka "hata siku moja". Aliyesumbuka kila siku alipata alama moja. Asiyesumbuka hata siku moja alipata tano. Mdomo usio na shida yoyote ulipata sitini.

"Mitaa ni miwili," Daktari akatueleza, "na fundi wa kutengeneza meno bandia nimepewa mmoja, wa miezi miwili tu. Mtaa utakaokuwa na alama za chini ndiko atakakoanzia. Mwingine utasubiri mpaka mwakani."

Nikanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa na sababu yangu, nayo ilikuwa nyumbani inachambua mchele.

Dada yangu ana miaka sabini na sita, amenizidi minane. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenisuka nywele siku ya kwanza ya shule, na baadaye, nilipokuwa mwalimu wa shule ile ile, yeye alikuwa mpishi wake. Zamani alikuwa na meno ya kutisha. Mfupa wa kuku haukutoka salama kinywani mwake, na karanga alizitafuna kwa kishindo mpaka mtu wa chumba cha pili akajua. Sasa amebakiwa na meno matano, na hayo matano hayakutani: matatu yako juu kushoto, mawili chini kulia. Nilitaka apate meno kabla hajafikisha themanini. Kwa hiyo mtaa wetu ulipaswa kupata alama mbaya, na sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Ukipita barabara yetu asubuhi watu wakikusalimu, unaona fizi tupu.

Masharti ya kazi yalikuwa makali, nami napenda masharti. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usifafanue. Usitikise kichwa. Usimwambie mtu majibu yatatumika kufanyia nini, maana akijua ataongeza chumvi. Andika anachosema, sio unachokiona. Nikaweka fomu zangu kwenye mkoba, nikachukua kalamu zangu, nikaanza na nyumba yangu mwenyewe.

"Katika miezi mitatu iliyopita," nikasoma, "ni mara ngapi ulipata shida kutafuna vyakula kama vile nyama au matunda magumu?"

"Hata siku moja," akasema Dada.

Nikamtazama. Wiki ile ile nilikuwa nimemwona anaponda ndizi mbivu kwa uma. Lakini nilikuwa kazini. Nikaandika tano.

"Ni mara ngapi ulijizuia kucheka au kuzungumza kwa sababu ya hali ya kinywa chako?"

"Hata siku moja," akasema, kiganja kikiwa mdomoni.

Tano.

"Ni mara ngapi ulikwepa kula pamoja na watu wengine kwa sababu ya hali ya kinywa chako?"

Hapo alikawia kidogo. Akaitazama kalamu. "Hata siku moja."

Na hilo nililiamini kabisa. Dada alikuwa anakula saa tano asubuhi, peke yake jikoni, kwa sababu dawa yake ya presha ilitaka tumbo lenye kitu mapema. Mimi nilikula saa saba. Ndivyo tulivyoishi karibu miaka yote tangu nistaafu, na sikuwahi kuuliza mara mbili. Mimi, niliyewahi kugundua majibu ya jiografia yameandikwa ndani ya soksi!

Jumla ikawa hamsini na nane. Akaomba aione. Akaishika karatasi mbali na macho, akaangalia ile hamsini na nane chini kwenye kona, akatabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

"Sijafanya vibaya," akasema.

"Dada, hii si..." Nikakumbuka masharti, nikanyamaza. Nilikasirika lakini sikushangaa sana. Dada yangu ni mtu wa kufa na tai shingoni. Nikajiambia, mwongo mmoja katika mtaa mzima hawezi kuharibu hesabu.

Basi nikaingia mtaani. Nikaenda kwa Bwana Muhuri, mzee aliyefanya kazi posta mpaka mkono wake wa kulia ukazoea kugonga chochote kilicho mbele yake. Ana jino moja, refu, limesimama peke yake mbele. Akanikaribisha ukumbini, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaweka mikono magotini. Shida ya kutafuna? Hata siku moja. Maumivu? Hata siku moja. Anaridhika na anavyoonekana? Kila siku, Mwalimu, nashukuru. Kila akimaliza jibu alikuwa anagonga goti kwa ngumi. Nilipoinuka kuaga akaniuliza kwa sauti ya chini kama amepita.

Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, bibi mmoja alikwenda kwanza kubadilisha kitambaa cha kichwa. Ya nne, mume alitaka kumsaidia mkewe jibu, mkewe akamwambia, "Acha, mwenyewe atasema tumeangaliziana." Kwa wiki mbili nilizunguka nikikusanya hamsini na tano, hamsini na saba, hamsini na tisa. Mtu mwenye akili timamu angesimama barabarani akajiuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nafuata masharti, na mtu anayefuata masharti kwa ukaidi anaweza kupita mbele ya nyumba inayoungua akiwa anasoma namba mlangoni.

Siku ya matokeo Daktari aliniita chumbani kwake. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya karafuu na dawa ya kusafishia, kiti kikubwa cha wagonjwa kikiwa kimelala chali katikati. Rundo la fomu zangu lilikuwa juu ya meza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, tumepata ngapi?"

"Mtaa wa pili wamepata wastani wa thelathini na tatu," akasema. "Wa kwenu hamsini na sita."

Nikamwomba arudie.

"Hamsini na sita," akarudia, "hata mimi sipati. Mwalimu, kwa karatasi hizi, fundi hana la kufanya kwenu. Itabidi aende mtaa wa pili."

Nilimwambia kuwa wote ni waongo. Nilimwambia ninawajua mmoja mmoja, na meno yote ya mtaa ule ukiyakusanya hayatoshi kuwapa watu sita. Akanisikiliza kwa adabu, akageuza fomu moja moja kwa kidole.

"Naamini," akasema. "Lakini siwezi kuandika kwamba naamini. Ninachoweza ni hiki. Utaratibu unanitaka niwarudie wazee kumi na wawili kila mtaa, waulizwe maswali yale yale na mtu mwingine, nione kama majibu yanafanana. Yakipishana sana, fomu zote za mtaa huo nazitupa, tunaanza upya. Lakini lazima awe mtu mwingine. Sio wewe. Anayejua kusoma, na asiye na haraka." Akainua fomu moja. "Halafu, Mwalimu, samahani, hizi fomu mbona umeandika kwa wino mwekundu?"

"Ndiyo kalamu nilizonazo," nikamjibu, na kusema kweli nilijibu kwa ukali.

Nikatoka pale nimefura. Sikwenda nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, kwa sababu karanga alizokuwa anazibugia zamani darasani nilizijua, na meno yake ya leo ninayajua, na fomu yake ilikuwa na hamsini na tisa. Huyu Fundi alikuwa kwenye darasa langu la kwanza kabisa, nikiwa na miaka ishirini na miwili na yeye kumi na minne. Mwaka huu ametimiza sitini. Chumba chake ni kirefu na chembamba: cherehani mbili dirishani, meza ya kukatia iliyochongoka pembe, na mwisho kabisa pazia la kahawia ambako wateja hujaribu nguo.

"Wewe," nikamwambia, "unatafuna upande gani?"

Akatoa pini midomoni. "Shikamoo, Mwalimu."

"Nimekuuliza unatafuna upande gani."

"Kushoto. Wa kulia uliisha zamani."

"Na uzi unakata kwa nini?"

Akanionyesha mkasi mdogo unaoning'inia shingoni. "Zamani nilikata kwa meno. Siku hizi siwezi."

"Sasa kwa nini uliniambia huna shida hata siku moja? Nyote mmeniambia hivyo! Mmenitia aibu mbele ya yule mtoto wa watu, na mmejinyima fundi wa meno kwa midomo yenu wenyewe!"

Nikamweleza yote, sikujali masharti tena. Fundi alinisikiliza, kisha akafanya kitu ambacho katika miaka arobaini na sita ya kufahamiana sikuwahi kumwona akikifanya mbele yangu. Alicheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, na mapengo yake yote nikayaona.

"Mwalimu," akasema akifuta macho, "ulikuja kwangu na mkoba ule ule. Ukavaa miwani. Ukatoa kalamu nyekundu. Ukasema, swali la kwanza. Unakumbuka wewe ndiye uliyenirudisha darasa kwa sababu ya hesabu?"

"Ulipata kumi na moja kwa mia."

"Basi nani atakubali kufeli kwako mara ya pili? Sote tulijua ni mtihani. Mzee wa posta alikuja hapa asubuhi, kabla hujamfikia, akaniuliza yanatoka maswali gani."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilitaka kukasirika zaidi lakini hasira ilikuwa haina pa kwenda isipokuwa kwangu. Nikaitazama kalamu kwenye mfuko wa mkoba wangu. Nikamwona Dada ameishika ile karatasi mbali na macho, anatabasamu. Hakuwa amenidanganya kwa kiburi. Alikuwa amefaulu mtihani wa mdogo wake.

"Anatakiwa mtu asiye na haraka," nikasema. "Wa kuuliza tena."

"Mimi?"

"Unajua kusoma. Nilikufundisha."

Akachukua futi yake ya kupimia shingoni, akaizungusha vidoleni. "Mwalimu, mimi nimepima watu miaka arobaini. Unajua mtu anafanya nini nikimzungushia futi kiunoni? Anavuta pumzi, anaingiza tumbo. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke. Ukishona kwa kipimo hicho, nguo hairudi kwako kwa shukrani. Kwa hiyo mimi husubiri. Namwambia, toa pumzi, mama. Nguo utaivaa ukiwa unapumua. Akishatoa pumzi ndipo napima."

Daktari alikubali. Alimfundisha Fundi jioni mbili, na Ijumaa ile wazee kumi na wawili, majina yakiwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu na la Dada likiwamo, wakaitwa kwenye chumba cha cherehani. Walikaa kwenye mabenchi wamevaa nguo za kutokea, migongo imenyooka. Nikaona tutakwama palepale. Nikasimama mbele yao.

"Kabla hamjaanza," nikasema, "mimi pia nimepita sitini. Fundi, niulize mimi. Hapahapa, kila mtu asikie. Fomu yangu haitahesabiwa."

Fundi akavaa miwani yake. Alikuwa na kalamu ya risasi, ile ya kuchorea kitambaa. "Toa pumzi, Mwalimu," akasema.

Sikujua kama nilikuwa nimeibana. Nikaitoa. Akasoma swali la kutafuna, nami nikawaeleza habari za gego langu la chini, lile ninalolizunguka kama shimo barabarani. Nikawaambia maji ya baridi nimeyaacha mwaka wa tatu sasa. Nikawaambia kwamba kwenye picha zote za kuagwa kwangu kazini nimefunga mdomo, na sababu ni jino la mbele lenye doa, si huzuni kama watu walivyodhani. Fundi alijumlisha taratibu, akarudia kujumlisha, kwa sababu hesabu bado haikuwa upande wake.

"Arobaini na moja kwa sitini," akatangaza.

"Nimefeli," nikasema.

Bwana Muhuri akagonga benchi. "Mwalimu amefeli!" Kicheko kilichofuata sikupata kukisikia darasani kwangu hata siku ya kufunga shule. Watu hawakuwa na mbavu. Walicheka midomo wazi, na mle chumbani mlikuwa na mapengo mengi kuliko meno, na hakuna aliyeweka kiganja mdomoni.

Wakaanza kuingia mmoja mmoja nyuma ya pazia. Mimi nilikaa upande wa pili, mezani, nafumua mshono wa suruali ambayo Fundi alitakiwa kuimaliza siku ile. Nilikuwa nimepewa hiyo kazi ili mikono yangu isitafute kalamu. Sauti zilinifikia, ingawa sikukaa pale kusikiliza. Bwana Muhuri aliingia na hamsini na tano yake, akatoka na ishirini na tatu, uso umelegea kama aliyevua viatu vinavyobana.

Kisha akaingia Dada.

"Toa pumzi, mama," nikasikia.

Pumzi yake ilitoka ndefu. Shida ya kutafuna, kila siku. Kujizuia kucheka, mara nyingi. Nilikuwa natabasamu peke yangu juu ya ule mshono, kila alama aliyoipoteza naiona kama jino linaota. Kisha Fundi akasoma: ni mara ngapi ulikwepa kula pamoja na watu wengine?

"Kila siku," akasema Dada.

Kwanza nilifikiri amechanganya maswali.

"Hili linalofuata halimo kwenye karatasi, mama," Fundi akasema, "lakini kwa nini? Si mnakaa wawili tu?"

"Ndiye huyo huyo mmoja." Akacheka kidogo. "Mdogo wangu anakula kama anasubiriwa na kengele. Dakika saba. Mimi nikifika tonge la nne yeye ameshasimama na sahani yake mkononi, anaangalia saa. Hasemi neno. Anasimama tu. Alipostaafu tulikula pamoja miezi miwili hivi, nikaona namchelewesha. Mtu kafanya kazi maisha yake yote, halafu akae anatazama kizee kinavyomumunya nyama? Nikamwambia ni dawa ya presha. Daktari wangu hajawahi kusema habari za saa tano."

"Yeye anajua?"

"Atajuaje? Na usimwambie. Ana moyo mzuri, atajisikia vibaya."

Sindano ya kufumulia ilikuwa imesimama mkononi. Nilikuwa nimesikia mabaya mengi maishani mwangu, matusi ya wazazi, barua za wakaguzi, lakini hakuna kilichoniingia kama lile neno "anasimama tu". Kwa sababu nilijiona. Nilijiona nimesimama, kiganja kimoja kwenye mgongo wa kiti, mtu mzima aliyenitafunia mimi chakula nilipokuwa sina meno, bado anatafuna, na mimi naangalia saa. Miaka minane. Machozi yalidondokea suruali ya mteja na sikuyafuta.

Dada alipotoka aliniona. Akaangalia pazia, akaniangalia mimi, akaelewa kwamba pazia ni kitambaa tu.

"Nimepata ishirini na sita," akasema, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Twende tukale."

Siku ile nilipanga sahani mbili saa saba mchana. Nilivua saa ya mkononi nikaifungia kwenye droo ya vijiko. Wali, maharage, na nyama niliyoichemsha mpaka ikasalimu amri. Nilikula taratibu kadiri nilivyoweza, na bado nikamaliza yeye akiwa nusu. Miguu yangu ikaanza kusimama yenyewe, nawaapia, ilikuwa imeshajua njia. Nikaikunja chini ya kiti. Dada alikuwa anatafuna, macho kwenye sahani, masikio yamekaa tayari kusikia kiti kikisogea. Hakikusogea. Tonge moja, la pili. Baadaye akainua macho.

"Unajua yule mke wa Bwana Muhuri wanasema alimpendea meno?" akasema.

"Hilo moja?"

Tukacheka mpaka nikapaliwa. Tulikaa mezani dakika hamsini. Nilijifunza habari za mtaa za miaka minane.

Majibu ya wazee wale kumi na wawili yalikuwa na wastani wa ishirini na tisa. Daktari alizitupa fomu zangu zote, Fundi akazunguka mtaa mzima na kalamu yake ya risasi, na mwisho tukapata thelathini na moja, alama mbili chini ya wenzetu wa mtaa wa pili. Fundi wa meno alianzia kwetu. Kwa miezi miwili chumba cha nyuma cha zahanati kilinguruma kwa mashine yake ndogo ya kusugulia, na watu walitoka humo wakijiangalia kwenye vioo vya madirisha. Dada alipovaa yake, seti nzima, juu na chini, alijitazama muda mrefu kwenye kioo cha mkono.

"Haya ni ya mtu tajiri," akasema. "Akija kuyatafuta, mwambie sipo." Kisha akaomba karanga.

Baada ya miezi sita Daktari alikuja mwenyewe nyumbani kwetu na dodoso, kuona kama mambo yamebadilika. Alitukuta mezani. Nikamvutia kiti, nikamwekea sahani. Akaketi, akatoa karatasi, na macho yake yakatua kwenye bilauri iliyo katikati ya meza, kati ya chumvi na maji ya kunywa. Ndani yake meno yote ya Dada yalikuwa yametulia, yanatabasamu.

"Bibi," akasema kwa wasiwasi, "yanakubana?"

"Kidogo, ukila nayo kwa muda mrefu. Nayavaa kwa wageni, kwa kuimba na kwa karanga. Wewe si mgeni." Akaokota tonge lake akaendelea kumumunya. "Uliza tu, mwanangu. Sina haraka."

Daktari akauliza. Kutafuna kulipata tatu. Kucheka kukapata tano, na hilo alilijibu akiwa anacheka, fizi zote nje. Akafika kwenye lile swali, nami nikajikuta nimebana pumzi yangu. Ni mara ngapi ulikwepa kula pamoja na watu wengine?

Dada akatoa pumzi. Akaniangalia, kisha akaitazama sahani yangu, iliyokuwa tupu zamani, na mikono yangu niliyoilaza juu ya meza bila kazi.

"Hata siku moja," akasema.

Daktari akatazama bilauri. Akatazama karatasi, kalamu ikiwa juu juu, halafu akanigeukia mimi kwa jicho la mtu anayeomba msaada. Nilikumbuka masharti: usifafanue, usitikise kichwa.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaandika tano.